Kukunja midomo ya madigadi za nyuma bila kupasua rangi: Corolla KE70, hatua kwa hatua

"Mkuu, nimefunga rimu za 15 kwenye KE70 yangu, nyuma inakwaruza kila nikipita tuta. Nikate madigadi?"

Swali hili limekuja kwangu mara nyingi mno, na kila mara najibu nusu kwa sauti na nusu kwa picha. Sasa nimeliandika lote mahali pamoja. Jibu fupi ni kwamba usikate. Jibu refu ndilo linalofuata.

Mdomo ninaousema ni ule ukingo wa bati uliokunjwa kuelekea ndani kwenye upinde wa madigadi. Pitisha kidole chini ya upinde, utauhisi kama ukingo wa sinia uliogeuzwa. Tairi pana likipanda juu na kutoka nje kidogo, huo ndio wa kwanza kuliuma. Kazi yetu ni kuulaza huo mdomo kwa kuusukuma juu kwa rola (kifaa nitakachokieleza kwenye vifaa), ulale kwenye ubavu wa ndani wa madigadi, huku rangi ya nje ikibaki kama ilivyo.

Naandika kwa kutumia KE70 saluni kwa sababu ndiyo niliyonayo na ndiyo wengi mnayoniulizia. Mwenye KE30 au Datsun 120Y anaweza kufuata hatua hizihizi. Tofauti kubwa ni kwamba zile zina springi za majani nyuma, wakati KE70 saluni ina koili na ile fimbo ya kushika ekseli isiyumbe pembeni. Fimbo hiyo ina vituko vyake, nitaifikia.

Kwanza hesabu, kabla ya rola

Wengi wananunua rimu kwanza halafu ndiyo wanaanza kupima. Kukunja mdomo kunakupa milimita 10 hadi 15 hivi, kulingana na upana wa mdomo wenyewe. Hakukupi 40. Kama unahitaji 40, hilo ni suala la kupanua madigadi, na hapo rangi lazima ipigwe upya. Mwongozo huu haufiki huko.

Piga hesabu hivi. Chukua upana wa rimu kwa inchi, zidisha kwa 25.4 upate milimita, gawa kwa mbili, kisha toa namba ya ET iliyogongwa nyuma ya rimu (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu, kwa milimita). Jibu ni umbali kutoka uso wa habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa nje wa rimu. Fanya hivyo kwa rimu ya zamani na kwa mpya, halafu toa.

Tuseme ya zamani ni 5J (upana wa inchi 5) yenye ET15. Nusu ya 127 ni 63.5, toa 15, inabaki 48.5. Mpya ni 6J yenye ET10: nusu ya 152.4 ni 76.2, toa 10, unapata 66.2. Rimu mpya inatoka nje milimita 17.7 zaidi. Shavu la tairi lina hesabu yake, maana linapimwa kutoka katikati ya rimu: ukitoka upana wa 155 kwenda 185, kila upande unaongezeka takriban milimita 15, na tofauti ya ET ni 5. Jumla shavu linatoka nje karibu 20.

Sasa nenda kwenye gari likiwa na rimu za zamani. Pima kutoka shavu la tairi, pale lilipovimba zaidi juu, hadi makali ya mdomo wa madigadi. Ukikuta 22, maana yake utabakiwa na milimita mbili, na mbili si kitu. Ekseli inayumba, tairi linavimba kwenye kona, bushi zimechoka. Ukikunja mdomo ukapata 12 zaidi, unakuwa na 14, na gari linaendesheka. Hiyo ndiyo hali ambayo kazi hii ilitengenezewa.

Na 7J yenye ET0 na tairi la 195? Rimu inatoka nje milimita 40.4 kuliko ile 5J, na shavu la tairi karibu 35. Hapo usinipigie simu kuniuliza habari za rola.

Pima pande zote mbili. Usiamini kwamba kulia na kushoto ni sawa. Ile fimbo ya pembeni imefungwa ncha moja kwenye bodi na nyingine kwenye ekseli, hivyo ekseli inapopanda na kushuka inafuata tao, haiendi wima. Gari lililoshushwa springi linakuta ekseli imehamia upande mmoja. Nimeona KE70 yenye tofauti ya milimita 8 kati ya kulia na kushoto, na mwenyewe alikuwa tayari anataka kukunja upande mmoja tu "kwa sababu ndio unaogusa". Dawa ya gari lile ilikuwa fimbo ya kurekebishika urefu, ekseli irudi katikati. Mdomo ulifuata baadaye.

Na ukubwa wa tairi usiusahau. 195/50R15 lina kipenyo cha milimita 576, na 155/80R13 ni 578, yaani karibu sawasawa. Lakini 185/55R15 ni 584 na zaidi kidogo. Hizo milimita chache zinapanda juu kwenye upinde, na spidomita nayo inaanza kudanganya.

Vifaa

Rola ya madigadi ndiyo kifaa kikuu. Ni mkono wa chuma wenye kibao kinachofungwa kwenye stadi za gurudumu (bolti za kufungia rimu), na mwisho wake una gurudumu dogo la plastiki ngumu. Mkono unarefushwa kwa skrubu na kichwa kinabadilishwa pembe. Hakikisha kibao kina matundu ya stadi 4 kwa duara la milimita 114.3, ndilo la KE70. Si lazima ununue. Mafundi bodi wachache wanayo na wanaikodisha kwa siku, na ukiwa na wenzako watatu wenye magari ya kizamani mnachanga mnanunua moja.

Mengine:

- Hitagani, ile mashine ya kupuliza hewa moto. Draya ya saluni haitoshi, nimejaribu.
- Kipimajoto cha kulenga kwa mbali. Ni cha bei ndogo na ndicho kinachookoa rangi.
- Jeki ya chini, stendi mbili imara, na kabari za magurudumu ya mbele. Jiwe si kabari, na tofali si stendi.
- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa.
- Brashi ya waya laini, kikwangulio cha plastiki, thina kidogo, vitambaa.
- Praima ya epoksi, silanti ya bodi (gundi ya kuziba maji), na rangi kidogo ya gari lako kwa ajili ya kugusia upande wa ndani.
- Masking tepu, rula ya chuma, tochi.
- Glovu za ngozi.

Tenga siku nzima. Upande wa kwanza utakula saa tatu au nne, wa pili nusu yake.

Kagua bati kabla hujaligusa

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na fundi rola hana kosa.

Magari haya yana takriban miaka 40 au zaidi na mengi yamepita mikono ya wanyoosha bodi watano au sita. Pitisha sumaku yenye kitambaa kwenye upinde wote, kuanzia mdomo hadi kiganja kimoja juu yake. Pale sumaku inapolegea au kuanguka kuna puti nene (ule mchanganyiko wa kujazia mabonde ya bati). Puti haikunjiki. Utaipasha, utaenda polepole, utasoma dua, na itapasuka. Kama puti imefika hadi kwenye mdomo, una njia mbili: kubali kwamba upinde ule utapigwa rangi upya, au rudi kwenye rimu nyembamba.

Halafu kutu. Gari lililokaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja huanza kuliwa hapohapo kwenye mdomo, kwa sababu matope na chumvi hukaa kwenye mkunjo. Chokoa kwa ncha ya bisibisi upande wa ndani. Bati likizama au likitoa maganda, simama. Mdomo ulioliwa na kutu ukikunjwa unakatika vipande kama kaukau.

Jambo la tatu, na ndilo linalotofautisha nyuma na mbele: madigadi ya mbele ni bati moja la kufungwa kwa bolti, ila ya nyuma ni mabati mawili. La nje ni ubavu wa gari, la ndani ni nyumba ya gurudumu, na yameungwa palepale kwenye mdomo kwa vitone vya kuchomelea, katikati yake kuna silanti. Ukikata mdomo kwa grinda umekata ule muungano. Mabati yanaachana, maji yanaingia kati yake kila gurudumu linaporusha, na kutu inaanza mahali usipopaona. Ndiyo maana nasema usikate. Anayekata anatakiwa achomelee tena mabati yote mawili mzunguko mzima, na joto la kuchomelea litakula rangi yote ya upinde.

Mwisho, jua rangi yako. Rangi ya NC (ile ya selulosi inayokauka kwa hewa) ya zamani inakauka na kuwa kama ganda la yai, hivyo inapasuka kirahisi. Rangi ya 2K (ile inayochanganywa na kigumishi) inavumilia zaidi ikipata joto. Rangi mpya kabisa iache walau mwezi mmoja ikomae kabla ya kuikunja.

Kazi yenyewe

1. Osha upinde kwa ndani kwa maji mengi na sabuni, kausha. Toa raba za kuzuia matope na skrubu zake zote. Ukipitisha rola juu ya kichwa cha skrubu kilichosahaulika, utakiona upande wa nje kama kidonda.

2. Egesha kwenye sakafu ngumu na sawa, kivulini. Weka kabari mbele. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, inua, weka stendi chini ya bodi kwenye sehemu zake za kubebea, si chini ya ekseli. Toa gurudumu.

3. Leta jeki chini ya ekseli na uipandishe taratibu mpaka habu ikaribie kimo chake cha kawaida, lakini bodi isinyanyuke kwenye stendi. Sababu ni mbili. Kwanza, mkono wa rola utazunguka kwenye tao linalokaribiana na tao la madigadi. Pili, rola ikisukuma bati juu, ekseli haitazama chini na kukupotezea nguvu. Angalia mpira wa breki usivutike.

4. Safisha mdomo kwa brashi na thina, kisha chimba silanti ya zamani iliyokauka ndani ya mkunjo kwa kikwangulio cha plastiki. Usiharakishe hapa. Silanti ngumu ikibaki ndani, mdomo unapolala unaisukuma, nayo inasukuma bati la nje. Matokeo yake ni kivimbe ambacho huwezi kukirudisha bila nyundo. Ikikataa kutoka, ipashe joto kidogo, italegea.

5. Weka alama. Huhitaji kukunja upinde wote. Uchukulie kama uso wa saa ya ukutani: tairi hugusa kati ya namba 10 na namba 2. Bandika kipande kidogo cha tepu kwenye kila mwisho. Usibandike tepu kwenye sehemu utakayopasha joto, gundi yake itaivia kwenye rangi.

6. Funga rola kwenye stadi kwa nati za gari lenyewe, ukaze sawasawa. Kama mkono wa rola yako una pini yake ya kuzungukia, vuta hendibreki. Kama mkono unazunguka pamoja na dramu ya breki, achia hendibreki na weka gia fri, na hakikisha kabari za mbele zimekaza kweli. Zungusha mkono mara mbili tatu bila kugusa bati uone unapita wapi.

7. Pasha joto. Anza na sehemu ya urefu wa kiganja, karibu sentimita 20. Puliza ndani kwanza, kisha nje, ukitembeza hitagani bila kusimama, umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye rangi. Lenga kipimajoto upande wa nje: unataka nyuzi 60 hadi 70. Ikifika 80 ondoa. Kama huna kipimajoto, bati liwe la moto kiasi kwamba unaweza kuweka kidole sekunde mbili ukakitoa mwenyewe. Tahadhari: lami ya chini ya gari inawaka, na upande mmoja una bomba la kujazia mafuta. Moto wa gesi usiukaribishe hapa, na uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu.

8. Raundi ya kwanza. Weka rola iguse makali ya mdomo kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, skrubu ikazwe kiasi cha kugusa na kusukuma kidogo tu. Vuta mkono polepole kutoka alama hadi alama, kwenda na kurudi, mara tano au sita, huku mkono wa pili ukitembeza joto mbele ya rola. Mwenzako akiwepo mgawane, mmoja joto mmoja rola. Raundi hii ikiisha mdomo utakuwa umesogea kidogo sana, na utaona kama hujafanya kitu. Ni sawa.

9. Kaza skrubu robo mzunguko. Pasha. Pitisha. Kaza robo. Pasha. Pitisha. Baada ya raundi tatu au nne, badilisha pembe ya kichwa cha rola ili kizidi kusimama, kikifuata mdomo unavyolala. Kila baada ya raundi mbili simama, chuchumaa mbali kidogo na gari, angalia mstari wa upinde kwa mwanga wa pembeni. Mstari ukianza kuvimba nje, umezidisha nguvu au pembe imebaki nyuma. Legeza, rekebisha pembe, rudi raundi moja.

   Nilichojifunza kwa gharama yangu: kazi ya kwanza kabisa niliifanya Mbeya, asubuhi ya Julai. Bati lilikuwa baridi kama la jokofu. Nilipasha, rangi ikafika 65, nikafurahi, nikaenda kuchukua chai. Niliporudi nikaendelea na rola bila kupasha tena, na nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja kijiti cha kiberiti. Nyufa nne, ndefu kama kucha. Kwenye baridi bati linapoteza joto haraka kuliko unavyodhani. Pima kabla ya kila raundi, si mara moja kwa siku.

10. Miisho. Kwenye namba 10 na namba 2 usiache mdomo ukiruka ghafla kutoka uliolala kwenda uliosimama, hapo ndipo bati hukunjamana na rangi hupasuka. Ndani ya sentimita 8 hadi 10 za mwisho, punguza nguvu kidogokidogo ili mdomo ujinyooshe wenyewe kuelekea hali yake ya awali. Mwisho wa nyuma karibu na bampa angalia bolti ya kona ya bampa. Hiyo nayo inaweza kugusa tairi, na watu wakaulaumu mdomo.

11. Mdomo ukishalala, uache upoe wenyewe. Usimwagie maji. Kagua kwa tochi ndani na nje.

12. Funga mlango wa kutu. Ndani ya mkunjo lazima kuwe na nyufa ndogo za rangi, hata kama nje pako safi. Hiyo haikwepeki, na wengi wanaishia hapa wakidhani kazi imekwisha. Sugua kwa msasa namba 400, futa kwa thina, paka epoksi, iache ikauke, kisha jaza silanti kwenye mkunjo mzima hadi pasibaki tundu la maji wala matope. Juu ya silanti gusia rangi ya gari. Ukipenda pulizia lami ya chini, ila silanti kwanza.

13. Rudisha gurudumu, kaza nati kwa mkingamo, shusha, kaza tena kwa spana ya kipimo karibu Nm 100. Rudia upande wa pili.

Kujaribu

Usijaribu ukiwa peke yako na tangi tupu. Gari letu la kizamani halibebi mtu mmoja hata siku moja.

Bandika masking tepu kwenye mdomo uliokunjwa, upake chaki kwenye bega la tairi. Weka watu watatu wazima nyuma na kitu kizito kwenye buti. Pita tuta kwa mwendo wa kawaida, kisha pita na gurudumu moja tu, upande mmoja juu na mwingine chini. Ekseli ya kipande kimoja inapolala hivyo, tairi linaingia kwenye upinde kwa pembe tofauti kabisa na pale magurudumu mawili yanapopanda pamoja. Zunguka raundi abauti pande zote mbili. Simama, angalia tepu. Chaki ikiwa imehamia, utajua hasa ni wapi.

Kabla ya barabara, mwenye subira anaweza kutoa springi na kupandisha ekseli kwa jeki mpaka iguse raba ya kizuizi (ile inayozuia ekseli isigonge bodi), huku gurudumu likiwa limefungwa. Hapo unapima kwa macho yako nafasi iliyobaki. Mimi nataka walau milimita 8 pembeni. Chini ya hapo, kona kali ikiwa na mzigo italeta mguso.

Mambo ya kuepuka

Kipande cha bomba au mpini wa jembe kati ya tairi na madigadi huku wenzako wanasukuma gari. Nimeiona ikifanywa, na mara moja kati ya nyingi inatoka vizuri. Mara nyingine bomba linaingia mahali pamoja na kuacha wimbi, au linachomoka na kumpata aliyeinama.

Nyundo ya chuma moja kwa moja kwenye mdomo. Kila pigo ni kovu upande wa nje. Kama huna rola na sehemu inayogusa ni fupi, tumia nyundo ya mpira na kipande cha mbao ngumu kilichochongwa kufuata tao, joto lilelile, mapigo madogo mengi.

Kuongeza spesa (kibati cha kuwekwa kati ya habu na rimu) "kwa sababu sasa nafasi ipo". Nafasi uliyoipata ni ya tairi kupumua. Ukiijaza kwa spesa umerudi ulipotoka.

Ikitokea hivi

*Nyufa za nywele kwenye rangi ya nje.* Simama hapohapo. Kama hazijafika kwenye bati, zipake klia (vanishi angavu) kwa brashi nyembamba, zitaonekana tu kwa anayetafuta. Kama zimefika kwenye bati, epoksi siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Pwani zinashika kutu ndani ya siku chache.

*Upinde umekuwa na mawimbi.* Rola ilikwenda haraka au ulikaza skrubu zaidi ya robo. Pasha tena hadi 65, pitisha rola kwa nguvu ndogo mara nyingi bila kukaza. Mawimbi madogo hurudi. Makubwa yanahitaji mnyoosha bodi.

*Mdomo unarudi baada ya kupoa.* Kawaida kwa bati la mabati mawili. Ongeza raundi mbili, na katika ya mwisho shikilia rola ukiwa umekaza huku bati likipoa kwa dakika chache, kipande kwa kipande.

*Bado inagusa upande mmoja tu.* Rudi kwenye ile fimbo ya pembeni na bushi zake. Dondosha timazi kutoka upinde wa kila upande, pima hadi uso wa rimu. Kama tofauti inazidi milimita 4 au 5, ekseli haijakaa katikati.

*Chaki haikuhama lakini kelele ipo.* Angalia ndani: shavu la ndani la tairi dhidi ya shokapu au nyumba ya gurudumu. Rimu pana inaongezeka pande zote mbili. Ile 6J ya mfano wetu inaingia ndani milimita 7.7 zaidi ya 5J, na mdomo hauna habari nayo.

*Inagusa ikibeba watu watatu tu.* Springi zimechoka au zimekatwa. Koili iliyokatwa kwa grinda inapoteza mizunguko na gari linakaa kwenye raba za kizuizi muda wote. Badilisha springi kabla hujarudi kwenye bati.

*Maji yanaingia kwenye buti baada ya mvua ya kwanza.* Mabati yameachana mahali fulani, mara nyingi karibu na namba 2 pale ulipomaliza kwa haraka. Mwagia maji kwa mpira kutoka chini huku mwenzako akiwa ndani ya buti na tochi. Ukipata pa kupitia, kausha siku mbili juani, kisha silanti upya kwa ndani na nje.